Nyama Choma Haina Gluteni, Sosi Je? Namna ya Kuchagua Viungo na Vikolezo Salama

Kwa mtu anayeishi na ugonjwa wa siliaki, sahani ya nyama choma ilipaswa kuwa mlo usio na wasiwasi. Nyama ya ng'ombe, mbuzi, kuku au samaki haina gluteni kwa asili yake. Ndizi za kuchoma hazina, na ugali wa mahindi, wali na mihogo navyo havina. Hata hivyo, mgonjwa huyo anaweza kudhurika kwa sahani hiyo hiyo, na chanzo kisiwe nyama bali kile kilichopakwa juu yake kabla ya kuwekwa kwenye jiko, au kile kilichomiminwa pembeni ya sahani baada ya nyama kuiva.

Gluteni ni kundi la protini zinazopatikana katika ngano, shayiri na rai, nafaka ya jamii ya ngano inayolimwa zaidi katika nchi za baridi. Ndiyo inayoufanya unga wa ngano uvutike unapokandwa, na bila hiyo chapati isingesukumika ikawa nyembamba bila kukatika. Kwa walaji walio wengi protini hiyo haina madhara yoyote. Kwa mwenye siliaki, kinga ya mwili huichukulia gluteni kama adui, na katika mapambano hayo huharibu utando wa utumbo mwembamba unaofyonza virutubisho. Mgonjwa anaweza kuharisha kwa muda mrefu, kujaa gesi tumboni, kupungua uzito, au kuwa na upungufu wa damu usiorekebishika kwa vidonge vya madini ya chuma. Mtoto anaweza kudumaa ingawa nyumbani chakula kipo. Wapo pia wagonjwa wasioonesha dalili za tumbo kabisa, ilhali utumbo unaendelea kuharibika.

Uhusiano kati ya ugonjwa huo na ngano ulithibitishwa na daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Karel Dicke. Katika njaa iliyoikumba nchi hiyo majira ya baridi ya mwaka 1944 hadi 1945, mkate uliadimika, na watoto waliokuwa wakiugua walipata nafuu katikati ya dhiki ya wengine. Mkate uliporejea, maradhi nayo yalirejea. Hadi leo tiba iliyothibitishwa imebaki ile ile, yaani kuacha gluteni kwa maisha yote. Inakadiriwa kuwa takribani mtu 1 kati ya 100 duniani ana siliaki, wengi wao wakiwa hawajatambuliwa. Dhana kwamba huo ni ugonjwa wa Wazungu pekee haina msingi: utafiti uliochapishwa mwaka 1999 kuhusu watoto wa Sahara Magharibi, Kaskazini mwa Afrika, ulibaini kiwango kinachozidi asilimia 5.

Jambo moja linahitaji kusemwa mapema. Mtu anayehisi kuwa na dalili hizi hapaswi kuacha ngano kabla ya kupimwa. Kipimo cha damu hutafuta kingamwili zinazozalishwa wakati mgonjwa anaendelea kula gluteni, na mara nyingi hufuatiwa na uchunguzi wa utumbo kwa kamera na kuchukua kinyama kidogo kwa ajili ya maabara. Aliyekwisha kuacha ngano kwa miezi kadhaa anaweza kupata majibu yanayoonesha kuwa hana ugonjwa, kumbe anao. Vilevile, kuacha gluteni si njia ya kupunguza uzito wala kusafisha mwili kama inavyotangazwa na baadhi ya wafanyabiashara. Asiye na sababu ya kitabibu hana anachokipata kwa kununua bidhaa hizo zinazouzwa kwa bei ya juu.

Kijiko kimoja kina uzito gani?

Swali linaloulizwa mara nyingi na familia za wagonjwa ni kama kiasi kidogo cha sosi kinaweza kweli kudhuru. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulionesha kuwa miligramu 50 za gluteni kila siku, kwa muda wa miezi 3, zinatosha kuharibu utumbo wa mgonjwa. Kipande kimoja cha mkate wa ngano kina takribani gramu 2 za gluteni au zaidi, kwa hiyo miligramu 50 ni sawa na makombo ya mkate huo.

Hesabu hiyo inaeleweka vizuri zaidi jikoni. Kijiko kimoja cha chakula cha unga wa ngano, chenye uzito wa takribani gramu 8, kina gluteni inayozidi nusu gramu. Mpishi akikitumia kuufanya mchuzi wa kuchovyea nyama uwe mzito, kisha mchuzi huo ukagawanywa kwa watu 10, kila mmoja atakuwa amepata zaidi ya miligramu 50. Hakuna atakayeona unga wala kuonja ngano, na mpishi akiulizwa kama chakula kina ngano atajibu kwa nia njema kwamba ni nyama na nyanya tu.

Kwa upande mwingine, kiwango kinachotambuliwa na Tume ya Kimataifa ya Viwango vya Chakula, Codex Alimentarius, kinataka chakula kinachotangazwa kuwa hakina gluteni kisizidi miligramu 20 za gluteni katika kilo moja. Marekani na nchi za Umoja wa Ulaya nazo zinatumia kiwango hicho. Kijiko cha sosi cha gramu 20 kilichotimiza kiwango hicho hakiwezi kuzidi miligramu 0.4. Tofauti kati ya sosi hizi mbili ni zaidi ya mara 100, ingawa mezani rangi na ladha zake zinaweza kufanana.

Mahali gluteni inapojificha

Katika orodha ya vikolezo vinavyohitaji tahadhari, soya sosi inastahili kutajwa kwanza. Jina lake humfanya mlaji aamini kuwa imetengenezwa kwa maharage ya soya peke yake. Kwa hakika, soya sosi ya asili ya Kijapani hutengenezwa kwa soya na ngano kwa viwango vinavyokaribiana: ngano hukaangwa, husagwa, huchanganywa na soya iliyochemshwa, kisha mchanganyiko huchachushwa kwa miezi mingi katika maji ya chumvi. Nyingi za aina ya Kichina nazo hutumia unga wa ngano. Kikolezo hiki ndicho msingi wa sosi ya teriyaki na sosi nyingi za chaza, na kinatumika kulowekea kuku, mbavu na mishkaki katika hoteli na sehemu nyingi za kuchomea nyama.

Wapo wanaoeleza kuwa uchachushaji huo huimaliza gluteni yote. Maelezo hayo hayatoshi. Uchachushaji huikata protini katika vipande vidogo, na vipimo vya kawaida vya maabara haviwezi kuvipima vipande hivyo kwa uhakika, hivyo kipimo kinachosoma kiwango cha chini si uthibitisho wa usalama. Kwa sababu hiyo, kanuni iliyotolewa na mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani mwaka 2020 inamtaka mzalishaji wa chakula kilichochachushwa aoneshe kumbukumbu kwamba malighafi zake hazikuwa na gluteni kabla ya kuchachushwa. Mbadala uliopo ni soya sosi iliyotengenezwa bila ngano, ikiwemo baadhi ya aina za tamari. Neno "baadhi" lina uzito wake hapa, kwa kuwa zipo tamari zinazoongezwa ngano kidogo.

Kimea kinahitaji maelezo ya kina kwa sababu neno hilo lina maana pana katika mazingira ya Tanzania. Kimea kinachotajwa katika chupa za viwandani, iwe ni siki ya kimea, dondoo ya kimea au ladha ya kimea, kwa kawaida hutokana na shayiri, na hivyo hakimfai mwenye siliaki. Lakini kimea cha ulezi, kinachotumika kutengenezea mbege mkoani Kilimanjaro, au kimea cha mtama, havina gluteni kwa asili, kwa kuwa ulezi, mtama na uwele si nafaka za jamii hiyo. Bia nyingi za viwandani hutengenezwa kwa kimea cha shayiri, na ulowekaji wa nyama katika bia ili ilainike umekuwa wa kawaida. Mlaji anayeepuka gluteni analazimika kuuliza hata pale ambapo meza yake haina kilevi chochote.

Siki nyingine hazina tatizo hilo. Siki nyeupe iliyokenekwa, siki ya tufaha na siki ya zabibu zinafaa, kwa kuwa ukenekaji huacha protini nyuma hata pale chanzo kilipokuwa nafaka, na matunda hayana gluteni. Tomato sosi na pilipili za chupa, ambazo kwa kawaida hutengenezwa kwa nyanya au pilipili, siki, sukari, chumvi na wanga wa mahindi, mara nyingi ni salama. Hali ni hiyo hiyo kwa mayonezi. Katika makundi yote hayo ipo bidhaa moja moja iliyoongezwa unga wa ngano au siki ya kimea, hivyo kusoma lebo hakukwepeki.

Haradali ni mfano mzuri wa kikolezo chenye sura mbili. Mbegu zake hazina gluteni, lakini unga wa haradali wa makopo huweza kuchanganywa na unga wa ngano ili kupunguza ukali.

Kisha lipo suala la mvuje, ambalo wengi hawalifikirii kabisa. Mvuje ni utomvu mkavu wenye harufu kali unaotumika katika mapishi yenye asili ya Kihindi, na hupatikana katika dengu, katika achari na katika baadhi ya michanganyiko ya viungo. Utomvu wenyewe hauna gluteni. Kwa kuwa ni mgumu na mkali mno, viwanda huusaga pamoja na unga, na mara nyingi unga huo ni wa ngano. Aina zilizosagwa kwa unga wa mchele zipo, ila hazipatikani kila duka. Mgonjwa anayekula wali na kuku wa kuchoma, akaongeza kijiko cha achari ya maembe, anaweza kuwa amekula ngano bila yeye wala muuzaji kujua.

Viungo vya mchuzi vya paketi na vidonge vya supu navyo viko katika kundi hili. Baadhi hutumia wanga wa mahindi, baadhi hutumia unga wa ngano, na mzalishaji anaweza kubadilisha mchanganyiko bila kubadilisha picha iliyopo kwenye paketi. Aliyesoma lebo mwaka jana hajasoma lebo ya mwaka huu.

Kusoma lebo: alama ya ubora na ukimya wa chupa

Tangu Julai 2019, majukumu ya kudhibiti usalama na ubora wa chakula nchini, ambayo awali yalikuwa chini ya iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa, yalihamishiwa Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Alama ya ubora ya TBS humhakikishia mlaji kuwa bidhaa imekidhi kiwango kilichowekwa kwa ajili yake. Alama hiyo isichukuliwe kuwa ni tamko la kutokuwepo kwa gluteni. Soya sosi iliyotengenezwa kwa ngano inaweza kukidhi kiwango cha ubora kwa haki kabisa, na bado isimfae mgonjwa wa siliaki.

Lebo nyingi za sosi zinazouzwa madukani zimeandikwa kwa Kiingereza. Kwa mlaji asiyekizoea, maneno manne yanatosha kwa kuanzia: "wheat" ni ngano, "barley" ni shayiri, "rye" ni rai, na "malt" ni kimea. Likionekana lolote kati ya hayo katika orodha ya viambato, chupa irudishwe rafuni. Neno "starch" lina maana ya wanga. Likiambatana na "corn" ni wanga wa mahindi, lakini likisimama peke yake katika bidhaa ambayo asili yake haifahamiki vizuri, ni busara kuiacha.

Ugumu zaidi uko kwenye sosi za barbekyu zinazoagizwa kutoka nje. Chupa moja inaweza kuwa na nyanya, molasi, siki, ladha ya moshi, na ndani yake soya sosi na sosi ya Worcestershire, ambazo kila moja ina viambato vyake. Hicho ni kiambato ndani ya kiambato, na mlaji anatakiwa kusoma pia maneno yaliyo ndani ya mabano. Sosi ya Worcestershire, kwa mfano, huweza kutengenezwa kwa siki ya kimea katika nchi moja na kwa siki nyeupe katika nchi nyingine.

Sheria za nchi ilikotoka bidhaa nazo zinatofautiana. Kanuni za Umoja wa Ulaya zinazotumika tangu Desemba 2014 zinataka nafaka zote zenye gluteni zioneshwe kwa maandishi yanayojitofautisha, kwa mfano kwa wino uliokolezwa, ndani ya orodha ya viambato. Sheria ya Marekani ya mwaka 2004 kuhusu vyakula vyenye mzio inalazimisha kutajwa kwa ngano, lakini shayiri na rai hazimo. Kwa hiyo chupa iliyotoka Marekani inaweza kuwa na mstari wa tahadhari usiotaja ngano, na mlaji akafarijika, ilhali kimea cha shayiri kimo katika orodha iliyo juu ya mstari huo huo. Njia salama ni kusoma orodha yote, au kuchagua bidhaa yenye tamko la "gluten-free", ambalo kwa nchi hizo linamfunga mzalishaji kisheria katika kiwango cha miligramu 20 kwa kilo.

Wajasiriamali wa ndani wanaosindika pilipili, achari na sosi wana fursa katika jambo hili, kwa kuwa malighafi wanazotumia, zikiwemo nyanya, ukwaju, maembe na ndimu, hazina gluteni. Fursa hiyo ina masharti. Maneno "haina gluteni" hayapaswi kuandikwa kwenye kifungashio kwa kukisia. Yanahitaji kipimo cha maabara na mazingira ya uzalishaji ambayo unga wa ngano haupiti. Mtengenezaji anayesaga pilipili kwenye mashine iliyotoka kusaga ngano ameshachanganya, hata kama hakukusudia. Asiye na uwezo wa kupima anamsaidia mlaji zaidi kwa kuorodhesha viambato vyote kwa ukamilifu, ukiwemo unga uliotumika kuongeza uzito.

Kwenye jiko la kuchomea nyama

Sosi salama inaweza kuharibiwa na mazingira. Wavu uliotumika kuchomea soseji zenye unga wa ngano au kupasha mikate hubakiwa na masalia. Brashi iliyochovywa katika soya sosi ikapaka kuku wa mteja wa kwanza ndiyo itakayompaka kuku wa mteja wa pili. Viazi havina gluteni, lakini mafuta yaliyokaanga sambusa na maandazi yanayo. Bakuli la pilipili linalozunguka mezani, ambalo kila mmoja amechovya kipande cha chapati, halifai kwa mgonjwa hata kama lilitengenezwa nyumbani kwa uangalifu mkubwa.

Suluhisho si kujitenga na wenzake. Nchini, nyama ya kuchomwa kwa chumvi na ndimu ni ya kawaida, na mchomaji haoni ajabu kuambiwa: "Kaka, yangu weka chumvi na ndimu tu, usipake kitu kingine, na uichome upande uliosafisha." Ombi kama hilo hufanikiwa zaidi kuliko maelezo marefu kuhusu gluteni, kwa sababu linamweleza mpishi la kufanya. Swali la "je, kina gluteni?" mara nyingi hupata jibu la hapana kutoka kwa mtu ambaye hajawahi kulisikia neno hilo. Ni bora kuuliza kama kuna soya sosi, bia au unga wa ngano katika kilichopakwa. Kachumbari ya nyanya, vitunguu na ndimu, ikikatwa kwenye ubao safi, humaliza haja ya sosi kwa watu wengi.

Kwa anayetaka sosi nzito yenye utamu na ukali unaofanana na barbekyu ya chupa, ukwaju unafaa sana. Ukwaju hulowekwa katika maji ya moto, hukamuliwa na kuchujwa, kisha huchemshwa pamoja na nyanya zilizosagwa, sukari guru, kitunguu saumu, tangawizi, pilipili na chumvi. Moto mdogo kwa muda mrefu huufanya uwe mzito bila kuongeza kitu. Ikihitajika, kijiko cha wanga wa mahindi au wa muhogo huvurugwa kwanza katika maji baridi na kumiminwa taratibu huku sufuria ikikorogwa. Kwa kulainisha mishkaki, papai bichi lililopondwa hufanya kazi ambayo wengine huitafuta katika bia. Viungo vikavu kama bizari, pilipili manga na iliki vikinunuliwa vikiwa vizima na kusagwa nyumbani, hofu ya kuchanganywa na unga huondoka.

Mlaji anayebaini kuwa bidhaa yenye tamko la kutokuwa na gluteni ina ngano katika orodha yake ya viambato, au kwamba lebo inapotosha, anashauriwa kuhifadhi chupa pamoja na kifuniko chake, stakabadhi ya manunuzi na namba ya toleo iliyochapwa kwenye kifungashio, na kuwasilisha taarifa katika ofisi ya TBS iliyo karibu. Malalamiko yanayohusu udanganyifu wa kibiashara hupokelewa pia na Tume ya Ushindani (FCC). Namba ya toleo ni muhimu kuliko jina la duka, kwa sababu ndiyo inayowezesha bidhaa za toleo hilo kufuatiliwa na kuondolewa sokoni popote zilipofika.